Njia Hizi Zina Wenyewe

Mafrateri wenzangu wanaopangiwa mwaka wa kichungaji huku Usambara hunitumia ujumbe wakiuliza mambo matatu: baridi ikoje, watu wakoje, na je, mtu anaweza kuendelea na mbio? Baridi ipo, hasa Juni hadi Agosti, kwa hiyo njoo na sweta. Watu utawajua mwenyewe. Kuhusu mbio nitajibu hapa kwa urefu kidogo, maana mwaka wangu unakaribia kwisha na njia za Lushoto nimezikimbia karibu zote.

Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400. Unaachana na barabara kuu pale Mombo, joto likiwa bado limekushika shingoni, kisha unapanda kona baada ya kona kilomita 33 hivi kupitia Soni. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Walipenda hewa yake. Mtu aliyezoea kukimbia Morogoro au Tanga, wiki mbili za kwanza atahema kama mzee aliyebeba gunia. Huo si ugonjwa. Ni kimo, na zaidi ya kimo ni vilima, maana huku tambarare ni uwanja wa mpira na vipande vichache vya barabara. Kwingine kote unapanda au unashuka.

Siku ambazo Misa ya parokia ni jioni, mimi hutoka saa 12 kasoro robo asubuhi. Wakazi wengi wa Lushoto ni Waislamu, na adhana ya alfajiri ndiyo kengele yangu ya kuamkia. Nasali Masifu ya Asubuhi, navaa viatu, natoka. Ukungu huwa umelala mabondeni na mtu anasikika kabla hajaonekana.

Njia ya kumwanzishia mgeni ni ya Irente, kama kilomita 6 kwenda. Ni barabara ya vumbi, inapanda taratibu kati ya mashamba ya mahindi, maharage, kabichi na viazi, na migrevilea imepandwa kwenye mipaka. Unapita shamba la ndugu zetu Walutheri wa Irente, wanakotengeneza jibini na jamu, na huko huko Irente iko shule yao ya watoto wasioona. Kisha njia inaingia kijijini, inapinda, na ghafla nchi inakatika. Unasimama juu ya mwamba, na chini yako, karibu mita 1,000, iko nyika: mashamba ya mkonge ya Mazinde yaliyopigwa mistari, reli, barabara kuu yenye malori madogo kama sisimizi. Nimefika pale mara nyingi na sijawahi kugeuka bila kusimama kwanza. Mwalimu wetu wa mbio seminarini angesema nimepoteza dakika. Basi nimezipoteza.

Lakini nilichotaka kuwaambia hasa hakiko kwenye mwamba. Kiko njiani kabla ya kufika.

Saa hiyo ya asubuhi njia ya Irente haina wakimbiaji wengine, ila ina watu wengi. Wanawake wanashuka mjini na matenga ya karoti na maplamu kichwani. Wengine wanapanda na kuni. Watoto wa shule wanakwenda mbio kweli, maana wao wakichelewa wana la kujibu. Wiki yangu ya kwanza, bibi mmoja aliyebeba mzigo wa majani ya ng'ombe alinisimamisha. Nikamwamkia, akaitika, akatazama nyuma yangu barabarani kwa makini, kisha akauliza, "Nani anakukimbiza, mwanangu?"

Nikamwambia hakuna, Bibi, ni mazoezi. Akafikiri. "Mazoezi ya nini?"

Swali lake nimelibeba mwaka mzima. Wapo waamini, na wapo hata mapadre, wanaoona mbio za frateri ni anasa: kijana ameshiba, hana shamba, anatafuta jasho ambalo wenzake wanalipata bure. Siwezi kusema hawana hoja. Kwa upande wa pili, Kanisa halijaona haya kuhusu michezo. Mtume Paulo alitumia mfano wa mashindano ya mbio kwa Wakorintho, watu walioyajua. Mwaka 2018 Vatikano ilitoa hati nzima juu ya michezo na binadamu, na mwaka 2019 ikatambulisha rasmi timu yake ya riadha, Athletica Vaticana, ambayo ndani yake wamo mapadre na masista. Nilipomweleza bibi yule jambo hilo siku nyingine, alicheka sana. Alitaka kujua masista wanakimbia na vilemba vyao au vipi. Sikuwa na jibu.

Watoto ndio wanaonielewa upesi. Tangu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo mwaka 2025, nikipita wanapiga kelele "Simbu! Simbu!" Kabla ya hapo walikuwa wakipiga kelele "Mwizi!" Kwa hiyo nimepanda cheo.

Njia ya pili ni ya Magamba, kaskazini ya mji. Barabara inapanda bila huruma, na huko juu kuna msitu wa hifadhi wa zaidi ya hekta 9,000. Ndani ya msitu usiingie kienyeji. Ni hifadhi ya mazingira asilia, ina utaratibu wake wa kibali na ada, na mimi huishia pembeni mwake. Ukikaa kimya utawaona mbega juu ya miti, weusi wenye manyoya meupe marefu, wakiruka kana kwamba uzito ni habari ya watu wengine. Kurudi ni kushuka tu. Magoti yako yalinde.

Ya tatu ni ya kwenda Gare, na kwa msomaji wa gazeti hili ina utamu wake. Misheni ya Gare ilianzishwa na Watrapisti mwishoni mwa karne ya 19, watawa wa ukimya na jembe, wakati ambapo kila mfuko wa saruji na kila kengele ilipaswa kupanda mlima huu kwa mabega ya watu. Ninapopanda huko na chupa moja ya maji mkononi, nikahema, huwa nawafikiria wapagazi kuliko watawa. Majina ya watawa yaliandikwa.

Njia ya nne haina jina, na kijiji nitakiacha bila kukitaja. Inatoka parokiani kwetu kwenda kwenye kigango kilicho ng'ambo ya bonde. Hakuna gari linalofika. Kuna pikipiki wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha udongo mwekundu unakuwa sabuni na hata vijana wa bodaboda wanakataa. Katekista wetu, ambaye wote tunamwita Mwalimu, hupita njia hiyo kila Jumapili kuongoza ibada bila padre. Ana zaidi ya miaka 60. Kwa kukimbia mimi natumia dakika 50, na mahali pawili natembea, sijidanganyi. Yeye hutumia saa mbili, na kitabu cha ibada amekifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Tulipokuwa tunapishana na akina mama wenye mizigo, yeye ndiye alinifundisha namna ya kupita. Usipite katikati. Usiwashtue kwa nyuma; salimia ukiwa bado mbali. Mwenye mzigo mwachie upande wa mlimani, wewe simama upande wa bonde, hata kama saa yako ya mkononi inahesabu. "Njia hizi zina wenyewe, Frateri," aliniambia. "Wewe ni mgeni anayepita haraka."

Mwezi uliopita Halmashauri ya Walei ilijadili kigango hicho. Familia zimebaki chache, paa linavuja, na fedha ni za kugombania. Pendekezo lilikuwa kukifunga na kuwaomba waamini wasali kwenye kigango kilicho kando ya barabara ya lami. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kijinga. Mjumbe mmoja, mtu mwema ambaye ametoa mengi kwa parokia, alisema umbali si tatizo, ni kilomita 6 tu, tena njia ya miguu ipo.

Mimi si mjumbe, nilikuwa naandika muhtasari. Paroko akanigeukia. "Frateri, wewe si unakimbia huko? Ni kilomita 6?"

Nikasema ndiyo, Baba, ni 6 na kidogo. Ila kuna mito miwili, na baada ya wa pili unapanda karibu mita 400 mfululizo, na wazee wanaosali pale wengi wana fimbo. Nikawataja niliowajua kwa majina, kwa kuwa ukikimbia njia moja kwa mwaka mzima unawajua watu wake, mlango kwa mlango: nani anaamka mapema kukamua, nani amelazwa, nani haonekani tena barazani. Ukumbi ukanyamaza kidogo. Mjumbe yule hakukasirika. Aliuliza tu kama inawezekana akaione mwenyewe.

Paroko akaahirisha uamuzi, akasema kabla ya kupiga kura wajumbe watatu waende kwa miguu, na Mwalimu awaongoze. Tulikwenda Jumamosi iliyofuata, asubuhi, mvua ya usiku ikiwa imekatika. Nilifunga safari nao bila viatu vya mbio, nimevaa mabuti kama wenzangu, mwendo wa Mwalimu. Kwenye mto wa pili mjumbe yule alikaa juu ya jiwe, akavua kofia, akajipangusa uso na kutazama juu njia ilikoelekea.

"Mwalimu," akasema, "tumebakiza ngapi?"

"Tumefika nusu," Mwalimu akamjibu, akampa maji.