Tafakari ya Juma: Mjiolojia Aliyetaka Kurudi Darasani



Wapendwa Taifa la Mungu, waamini wa Kibaigwa nanyi nyote mnaotusoma kutoka mbali,

Juma hili tunaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe. Miezi kadhaa iliyopita, baada ya Misa ya pili, alitujia kijana mzaliwa wa parokia yetu, baba wa watoto 2, ambaye kwa miaka 9 amekuwa mjiolojia katika machimbo ya dhahabu huko Kanda ya Ziwa. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili katika jiolojia ya kiuchumi, yaani elimu ya mashapo ya madini: jinsi yalivyojengeka ardhini, mahali yanapopatikana, na kama kuyachimba kunalipa. Ada ingekula akiba ya kumalizia nyumba. Baba yake, mzee wetu mfanyabiashara wa mahindi pale sokoni, alikuwa amekwisha kusema neno lake: mtu mwenye kazi na mshahara anarudi darasani kutafuta nini?

Nasi tulikuwa na haraka, maana watoto wa ubatizo walikuwa wakitungoja. Tulimwambia aridhike na alichojaliwa, ajenge kwanza. Aliinamisha kichwa, akasema, “Asante, Baba,” akaenda zake. Nafasi ile ikapita.

Aliporudi likizo tulimwuliza, safari hii tukiwa tumeketi, kwa nini hasa alitaka kusoma. Jibu lake limetukosesha usingizi. “Baba,” alisema, “kwa miaka 9 ninaandika kile kinachotolewa na mtambo wa kuchoronga. Lakini nikiulizwa kwa nini dhahabu ipo hapa na haipo mita 50 kutoka hapa, najibu kwa kubahatisha. Na kwa majibu ya watu kama mimi, mashamba yanachukuliwa na familia zinahamishwa.”

Wapendwa, sisi tulidhani anatafuta cheo. Kumbe kijana alikuwa anasumbuliwa na dhamiri.

Tutafakari kidogo uzito wa kazi yake. Katika machimbo mengi dhahabu ni gramu chache tu ndani ya tani nzima ya mawe, na tofauti ya gramu moja yaweza kuamua kama mgodi utalipa au utafilisika. Jiwe linaloitwa mbale leo laweza kuwa kifusi kesho, bei ikishuka. Dhahabu hiyo ililetwa na maji ya moto yaliyopenya nyufa za miamba, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, ikabaki pale hali ya mwamba ilipobadilika. Asiyeelewa njia ya maji yale aweza kupima vizuri kila sampuli, na bado akakosea juu ya mlima mzima.

Sisi wa Wilaya ya Kongwa hatuhitaji kwenda mbali kuona gharama ya kutoijua ardhi. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu kutoka Uingereza ulizunguka Tanganyika kwa majuma machache tu, na mwaka 1947 mradi mkubwa wa karanga ukaanzishwa hapa Kongwa. Yaliletwa matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung’olea visiki. Hawakuwa wameijua vya kutosha mvua yetu, wala udongo wetu, ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama saruji na kuzing’ang’ania karanga zisivunwe. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, mamilioni ya paundi yakiwa yamepotea. Hawakukosa nguvu wala fedha. Walikosa subira ya kujifunza kwanza.

Uko pia mfano wa namna nyingine. John Williamson, Mkanada mwenye shahada ya uzamivu ya jiolojia kutoka Chuo Kikuu cha McGill, alikuja Tanganyika kufanya kazi na akabaki. Almasi kidogo zilikuwa zikijulikana huko Mabuki. Wengine waliridhika na hizo. Yeye, kwa elimu yake, alijua kwamba almasi zina chanzo chake katika mwamba wa kimberiliti, akaendelea kuutafuta kwa miaka, fedha zikiwa haba, mpaka mwaka 1940 alipoufikia Mwadui.

Nasi Wakatoliki tunaye ndugu katika elimu hii: Mwenyeheri Nicolas Steno, aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1638. Alikuwa tabibu mashuhuri wa kuchunguza miili. Mwaka 1666, akiwa Firenze, aliletewa kichwa cha papa mkubwa wa baharini, na meno yake yakamfanya ajiulize juu ya mawe yenye umbo kama lile yanayookotwa milimani. Angeweza kubaki na sifa alizokwisha kuzipata. Badala yake alianza kujifunza upya, na mwaka 1669 akachapisha kitabu kilichoeleza kwamba tabaka za miamba huwekwa moja juu ya nyingine, ya chini ikiwa ndiyo ya kale zaidi. Wanajiolojia hutegemea kanuni hiyo hata leo. Aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1667, akapewa daraja ya upadre mwaka 1675 na uaskofu mwaka 1677. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1988.

Someni nyumbani sura ya 28 ya Kitabu cha Ayubu. Mwandishi anawasifu wachimbaji wanaoning’inia gizani wakitafuta fedha na dhahabu, kisha anauliza hekima yenyewe inachimbwa wapi. Hawadharau wachimbaji. Anatukumbusha kwamba mtu aweza kulifikia jiwe la thamani bila kufikia hekima, na kwamba kumcha Mungu ndiyo hekima. Kwa mjiolojia, tunaamini kumcha Mungu ni pamoja na kuogopa kutia sahihi juu ya jambo asilolielewa.

Tulikwenda nyumbani kwa yule mzee kumwomba radhi kwa kuingilia jambo la familia yake bila kulisikiliza. Tulimwuliza: je, ungenunua gunia bila kuchoma bambo? Akacheka, akasema hata bambo halitoshi kwa asiyeijua nafaka. Mgeni huchoma, akaona punje nzuri, akaondoka na mahindi yenye unyevu. Tukamwambia kwamba kuchoronga ndilo bambo la mwanawe, naye anaomba kuijua nafaka. Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama baada ya masomo kijana atalipwa zaidi. Tulimjibu ukweli: hatujui.

Kijana ameomba nafasi tena. Mpaka tunapoandika haya, mzee hajatoa jibu lake, na ile nyumba bado haina paa. Hatuwezi kusema kwamba shaka ya mzee ni ya bure.

Basi, wapendwa, juma hili tujiulize: ni kazi gani tunayoifanya kwa mazoea, huku wengine wakibeba gharama ya tusichokijua? Mwalimu, muuguzi, fundi, hata padre. Na anapotujia mtu akitaka kujifunza zaidi, tumwulize sababu yake kabla ya kumpa shauri. Sisi hatukufanya hivyo, na kijana amepoteza mwaka.

Tuwaombee wote wanaosoma huku wakifanya kazi, pamoja na wenzi wao wanaobaki na watoto.

Mungu awabariki.

Paroko wenu, Kibaigwa