Jiwe Litaanguka Wapi?

Leo tuzungumze kidogo habari ya hesabu inayowatisha vijana wetu wa sekondari, nasi wazazi hutukimbiza kabisa: mlinganyo wa kipeo cha pili, yaani ule wenye namba isiyojulikana iliyozidishwa kwa yenyewe.

Jioni, nikisha kufunga vitabu vya parokia, vijana huniletea madaftari, maana wajua nilisomea ualimu. Mmoja alileta hesabu ya jiwe lililotupwa, iliyoandikwa kwa Kiingereza. Alikuwa amekwisha kuamua kuacha hesabu, akisema hana kichwa. Nikamwambia afunge daftari kwanza, tusemezane kwa Kiswahili.

Jiwe latoka mkononi, mita 2 juu ya ardhi. Kila sekunde laenda mbele mita 12. Papo hapo laanza kupanda kwa mwendo wa mita 9 kwa sekunde, lakini dunia yalivuta chini. Upepo tuuache. Mvuto huo, kwa hesabu ya shuleni, hulishusha mita 5 mara muda mara muda. Basi kimo chake ni 2, ongeza 9 mara muda, toa 5 mara muda mara muda. Likigusa ardhi, kimo ni sifuri. Tukiuandika muda kwa herufi t, twapata:

5t² − 9t − 2 = 0
(5t + 1)(t − 2) = 0

Majibu ni mawili: sekunde 2, au sehemu moja ya tano ya sekunde kabla ya kutupa. Jiwe haliwezi kuanguka kabla halijatoka mkononi, kwa hiyo twachukua 2. Sekunde 2 mara mita 12 ni mita 24.

Hapo kijana akauliza mwenyewe: “Kama lile jibu la pili si la kweli, limetoka wapi?” Ndugu msomaji, aulizaye hivyo ana kichwa. Lililomzuia ni lugha.

Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, alizieleza hesabu za kipeo cha pili kwa maneno matupu ya Kiarabu, bila alama tunazoandika leo. Jina aljebra lenyewe latokana na jina la kitabu chake. Ikiwa zilielezwa kwa maneno ya Kiarabu, kwa nini zisielezwe kwa yetu?

Mtihani wa sekondari ataufanya kwa Kiingereza, na hana budi kukijifunza kwa bidii. Lakini shule ya msingi wengi wa watoto wetu walihesabu kwa Kiswahili, na ghafula wanahamishwa. Wengine hudhani wamekuwa wajinga kwa likizo moja tu.

Basi mzazi, hata kama hukusoma hesabu hizi, baada ya chakula mwulize mwanao: jiwe litaanguka wapi, na umejuaje? Mwache aeleze mpaka wewe uelewe. Akikwama, ndipo panapotaka msaada wa mwalimu. Tusikubali talanta ya mtoto ifukiwe ardhini kwa kukosa mtu wa kumsikiliza.