Kuuliza Halali Katika Mkahawa wa Brno

Wahenga wetu wamesema: msafiri masikini, ajapokuwa sultani. Na umasikini wa msafiri Mwislamu si wa fedha tu. Huenda mfuko wake umejaa, naye hajui kilichowekwa mezani mbele yake ni halali au ni haramu. Jambo hili twaliliona katika mji wa Brno, ulio wa pili kwa ukubwa katika nchi ya Ucheki.

Brno umo katika jimbo la Moravia, na ndipo ulipo msikiti wa kwanza kujengwa nchini humo. Ulifunguliwa mwaka 1998, nao hauna mnara. Twalisali humo alasiri, kisha baridi ikatuingiza katika mkahawa mdogo wenye joto na harufu ya siagi.

Huko mkahawa huitwa kavárna, na duka la vitamu huitwa cukrárna. Yatazameni maneno haya, enyi vijana. Káva ni kahawa yetu, na cukr ni sukari yetu. Yote mawili yamepitia katika Kiarabu. Masufi wa Yemen wakinywa kahawa katika karne ya 15 wapate kukesha katika ibada. Kutoka kwao ikaenea Makka, Misri na Istanbul, hata ikafika Ulaya.

Vitamu vya Moravia vilivyo mashuhuri ni koláče. Unga wa ngano hukandwa kwa maziwa, mayai, siagi na hamira, ukaumuka kama wa mahamri. Hukatwa viduara, vikabonyezwa katikati, vikatiwa jibini laini, au jamu nzito ya plamu, au mbegu nyeusi za mpopi, kisha vikaokwa. Mpopi ndio mmea utoao kasumba, lakini mbegu hizo za jikoni hazimlevyi mlaji.

Tulimwuliza mama mwenye duka, kwa adabu, mafuta aliyotumia. Hakukasirika. Alituletea siagi yenyewe tuione, akatuonyesha keki zilizotiwa ramu, na viandazi vya chumvi vilivyokandwa kwa mabaki ya mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa, akavisogeza mbali na sahani yetu. Kisha akatueleza ya kuwa kwao, kabla ya arusi, koláče vidogo hupelekewa majirani na jamaa. Tukakumbuka sahani zetu za futari zipitazo nyumba kwa nyumba katika mwezi wa Ramadhani.

Vijana wetu waendao ng'ambo hupotea kwa njia mbili. Wako walao kila wapewacho kwa kuona haya kuuliza, na haya ya namna hiyo si katika imani. Na wako wasusao kila kitu, wakawaona wenyeji wao wote kuwa ni najisi, hali ya kuwa Kurani Tukufu imetuhalalishia chakula cha Watu wa Kitabu, isipokuwa kilichoharamishwa chenyewe, kama nguruwe na ulevi. Njia iliyo sawa ni ya katikati: kuuliza kwa upole, kula kilicho wazi, na kuacha chenye shaka bila ya kumvunjia mtu heshima yake. Nyinyi wazazi, wafundisheni watoto kuuliza hivyo wangali nyumbani, kabla hawajapanda ndege.

Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali popote tuendapo, na atujaalie ulimi mwema wa kukitafutia. Amin.