Kazi Nyingi kwa Kalenda ya Dodoma

Nilipoanza kutengeneza tovuti za watu kwa malipo, wateja wangu Dodoma walikuwa wa aina tatu: makanisa, shule binafsi na nyumba za wageni. Nilikuwa nimemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma, chuo kilichoanzishwa mwaka 2007, na wenzangu wengi wa masomo ya kompyuta walikuwa wameshakwenda Dar es Salaam kutafuta ajira. Mimi nilipanga chumba Area C, nikanunua meza na kiti, nikaanza. Kazi zilikuja moja moja. Nikipata ya shule, naianza, naimaliza, nakabidhi, ndipo naulizia nyingine. Katikati niliziba pengo kwa kufundisha watu kompyuta na kuwachapia barua.

Kisha ikaja Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali itahamia Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikuwa wa tangu mwaka 1973, na wazee wengi walikuwa wamezoea kuusikia bila kuuona. Safari hii mambo yalikwenda mbio. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia mwaka huohuo, Aprili 2018 mji ukawa jiji, na mji wa Serikali ukaanza kuinuka Mtumba. Kodi za vyumba zilipanda, na simu yangu ikaanza kuita.

Wengi walidhani sisi mafundi wa tovuti tungeneemeka kwa kazi za wizara. Lakini tovuti za Serikali zilikuwa na utaratibu wake na viwango vyake, chini ya taasisi ambayo leo ni Mamlaka ya Serikali Mtandao. Riziki yetu ilitoka kwa walioifuata Serikali: mawakili, makandarasi, wapima ardhi, wenye hoteli na kumbi za mikutano, asasi zilizotaka ofisi karibu na Bunge. Kila mmoja alihitaji kuonekana, na kila mmoja alihitaji haraka. Nikajikuta asubuhi nashika ya wakili, mchana ya hoteli, usiku ya asasi.

Miezi ya kwanza ya wingi huo ndiyo iliyonifundisha jambo ambalo darasani hatukuambiwa. Kuijenga tovuti ya kurasa chache kwa WordPress ni kazi ya siku chache. Kinachokula wiki ni kungoja: picha za vyumba, bei, wasifu wa mkurugenzi, majina ya wajumbe wa bodi. "Dada, nakutumia kesho," anasema mteja, naye anamaanisha hivyo, ila kesho yake ana safari ya Singida. Kazi nyingi zinaweza kukaa kwa mtu mmoja kwa sababu hiyo, kwamba sehemu kubwa ya kila moja inafanyika mikononi mwa mtu mwingine.

Nikabandika kalenda ukutani na kuandika mbele ya kila kazi neno moja: "kwangu" au "kwake". Za "kwangu" ndizo zilizohesabiwa. Zikijaa, sikupokea mpya hata kwa mteja mwenye fedha taslimu. Za "kwake" niliziacha zipumzike, nikijua siku yoyote zitarudi. Hatari yake ni hiyo, maana zinaweza kurudi zote wiki moja. Basi kwenye mkataba tukaandikiana: nusu ya malipo kabla ya kuanza, kikoa, yaani anwani ya tovuti, kisajiliwe kwa jina la mteja mwenyewe, na picha na maelezo yake yasipofika katika siku 30, kazi inatoka kwenye foleni na kuingia upya nyuma ya wengine. Wateja walikubali bila ugomvi kwa kuwa waliambiwa mapema.

Baada ya hapo niligundua kwamba kazi hurudi kwa majira, na majira ya Dodoma yanajulikana. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Mwenye hoteli anataka tovuti yake iwe hewani kabla ya Aprili, kwa sababu baada ya hapo vyumba vimejaa na yeye mwenyewe hapatikani. Asasi na taasisi hukimbizana na tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa. Sikukuu ya wakulima ya Nanenane, tarehe 8 Agosti, huwaleta wasindikaji wa alizeti na mvinyo wanaotaka anwani ya tovuti iwe tayari kwenye vipeperushi vya banda lao la maonyesho Nzuguni. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu wa mavuno ukiingia usimtafute msindikaji. Mvua zikianza Desemba, mteja mwenye shamba yuko shambani. Nilipoacha kushindana na majira hayo na kuyaweka kwenye kalenda yangu, nilianza kulala usiku.

Kazi yenyewe nayo ilikuwa inabadilika. Zamani nilichora ukurasa kwa kioo cha kompyuta, kisha nikaupunguza uingie kwenye simu. Leo naanzia kwenye simu, kwani anayetafuta chumba Dodoma anaperuzi akiwa ndani ya basi, kwa bando alilonunua mwenyewe. Picha nzito inamla fedha kabla hajaona bei. Kupunguza uzito wa ukurasa ni kumheshimu.

Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima. Tovuti nyingi nilizokuwa nazijenga zilikuwa kwenye seva za nje, lakini nakala zake zilikuwa kwenye kompyuta yangu, hivyo niliendelea kuzijenga nyumbani na kuzipandisha mtandao ulipotengemaa. Tangu hapo hakuna kazi ninayoianza bila nakala ya hapa hapa. Mwezi Julai mwaka huohuo treni ya reli ya kisasa (SGR) ikaanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na wateja wa Dar ambao nilikuwa nikizungumza nao kwa simu tu wakaanza kuja asubuhi na kurudi jioni. Saa mbili za kukaa meza moja na mteja humaliza mambo yaliyozunguka wiki nzima kwenye ujumbe.

Ila badiliko lililonigusa zaidi ni kuelewa kwamba tovuti haimalizwi. Kikoa kinalipiwa kila mwaka na programu zinahitaji kusasishwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, nilirudi kwenye tovuti za shule nilizozijenga miaka ya mwanzo. Fomu zake za maombi zilikusanya majina ya watoto na namba za simu za wazazi, na ilibidi tuamue upya nini kiulizwe, kihifadhiwe wapi na nani akione. Sasa Ijumaa yangu yote ni ya tovuti za zamani, na nikipanga kazi mpya nazihesabu na hizo.

Vijana wanaotoka chuoni huniuliza mtu mmoja anaweza kubeba kazi ngapi. Nawaambia wahesabu watu wanaosubiri jibu lao wiki hii, kisha waniambie kama wanaweza kumjibu kila mmoja vizuri. Kila Jumatatu namwandikia kila mteja ujumbe mfupi: kazi yako imefika hapa, nangoja hiki kutoka kwako, ukinipa leo utaiona siku fulani. Inanichukua asubuhi nzima, na naamini ndiyo asubuhi yenye faida kuliko zote. Dodoma ni mji wa watu wanaofahamiana. Wakili humwambia mkandarasi, mkandarasi humwambia mwenye hoteli. Anayejua kazi yake iko wapi hana sababu ya kuhama, hata kama foleni ni ndefu. Kijana atakayelishika hilo mapema ataishi kwa kazi hii, hapa hapa Dodoma.