Kabla ya ubao, mtafutie mtoto kafi lake

Kaskazini mwa ufuo wa Diani, pale Kongo, Mto Mwachema unaingia baharini karibu na msikiti wa kale na mibuyu mikubwa. Bahari ikijaa, maji ya mto hutulia kati ya mikoko. Ndiyo maana familia nyingi hupenda kujifunzia hapo mchezo wa kusimama juu ya ubao na kupiga kafi.

Likizo ya Desemba nilikwenda na binti yangu wa miaka 9. Nilikagua mbao tulizokodi, nikamkaza mikanda ya jaketi la kuokoa maisha, nikamfunga kamba ya mguuni. Makafi sikuyatazama. Kwangu kafi lilikuwa kafi tu.

Kupanda mto tulicheka njia nzima. Tulipogeuka, maji yalikuwa yameanza kupwa, yanakimbilia baharini. Binti yangu alikuwa na kafi la mtu mzima. Kila akilitia majini, mabega yalimpanda hadi masikioni.

"Mama, mikono imechoka!"

Nilimwona akipitishwa pale tulipopaswa kushukia, akielekea mlangoni mwa mto ambako mawimbi yanavunjika. Nikampigia kelele apige magoti. Namshukuru Mungu, mvuvi mmoja mzee aliyekuwa kwenye mtumbwi alimwahi, akaushika ubao na kumvuta hadi ukingoni.

Mzee alilisimamisha lile kafi kando ya mtoto, akatikisa kichwa. "Mwanangu, hili la baba yake. Mtoto alikuwa amebeba mzigo."

Mzazi mwenzangu, tangu siku hiyo naanza na kafi. Mambo ninayoangalia ni haya:

Urefu. Lisimamishe kafi, mtoto anyooshe mkono juu. Kishikio cha juu kifike usawa wa kifundo cha mkono wake. Kwa kipimo, ongeza kama sentimita 20 juu ya kimo chake: mwenye sentimita 130 anahitaji kafi la 150 hivi. Makafi mengi ya watu wazima hayafupiki kiasi hicho, kwa hiyo uliza la watoto.

Bapa na mpini. Bapa pana hushika maji mengi na kuchosha bega, hivyo mtoto apewe dogo. Mpini nao uwe mwembamba, vidole vyake viuzunguke vizuri.

Uzito. Kafi la alumini ni la bei nafuu lakini zito. La faiba ni jepesi zaidi, na la kaboni ni jepesi kuliko yote, ila bei yake ni kali. Kwa kujifunza, la alumini lenye kipimo sahihi ni bora kuliko la kaboni lililomzidi kimo.

Kibano. Kafi la kurefusha na kufupisha huifaa familia inayopokezana. Lifunge, kisha lisukume kwa nguvu. Likiteleza, lirudishe. Kama ni lako, lisuuze kwa maji ya bomba kila ukitoka baharini, maana chumvi na mchanga hulikwamisha.

Mshiko. Bapa limepinda kidogo. Upande uliopinda uelekee mbele, ubao unakokwenda. Wengi tunalishika kinyume.

Kabla ya kuondoka ufukweni, litupe kafi kwenye maji mafupi uone kama linaelea. Kisha waulize wenyeji maji yanajaa au yanapwa, mpange kurudi kabla hayajageuka.

Pasaka tulirudi Kongo. Kijana wa kukodisha alipomnyooshea binti yangu kafi, hakulipokea mara moja. Alilisimamisha mchangani, akainua mkono, akapima.

"Kaka, hili refu. Nipe jingine."

Alipewa jingine. Safari hii alinitangulia kufika ukingoni.