Upepo Wenye Zamu

Leo kijana akitaka kujua upepo unavumaje kilomita 25 juu ya Nairobi, anafungua simu. Sisi wa kituo cha hali ya hewa tuliungoja. Kabla ya saa tisa usiku tulijaza puto haidrojeni, tukalifungia kisanduku cha redio, tukaliachia gizani. Namba zikarudi moja moja hadi lilipopasuka, tukazichora kwa penseli.

Kilichotupendeza ni zamu. Juu ya ikweta, upepo wa kutoka mashariki hutawala mwaka na zaidi, kisha wa magharibi huanzia juu kabisa na kuteremka taratibu, kama kilomita moja kwa mwezi, hadi uuondoe. Mzunguko mzima ni miezi 28 hivi. Kusi na kaskazi hupangiwa majira na jua, huu haupangiwi. Husukumwa na mawimbi ya hewa yanayopanda kutoka kwenye mawingu ya radi, yakavunjikia huko na kuacha nguvu yake. Arthur Berson alikuta upepo wa magharibi mwaka 1908, aliporusha maputo Ziwa Viktoria, ilhali vumbi la volkano ya Krakatoa la 1883 lilikuwa limewaaminisha watu kwamba huko juu upepo ni wa mashariki tu. Zamu yenyewe ilikuja kutambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Basi tuliiamini, kama tulivyoamini kujaa na kupwa kwa hewa. Maana nayo hujaa: mgandamizo hupanda saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka saa kumi, kwa sababu jua limepasha ozoni na mvuke. Kwenye barografu ni kilima kidogo cha wino. Kilomita 90 juu, kupwa na kujaa huko ni upepo wa makumi ya mita kwa sekunde.

Februari 2016 zamu ikavurugika. Katikati ya upepo wa magharibi ukazuka wa mashariki, baada ya mawimbi ya majira ya baridi ya kaskazini kupenya hadi ikweta. Tangu vipimo vya mfululizo vianze mwaka 1953, jambo hilo halikuwahi kutokea. Ikawa tena mwaka 2019 kuingia 2020.

Na ndipo maputo yalipopungua! Pale tuliporusha mawili kwa siku, kuna siku halipai hata moja. Gesi ni ghali, na kisanduku hakirudi. Hata Aeolus, setilaiti ya Ulaya iliyopima upepo kwa leza, ilirushwa 2018 na kumaliza kazi yake 2023.