Wati 240 za Nyumbani

Mdogo wangu alitoka Msimbati na fedha za korosho alizozidunduliza msimu mzima, akitaka kompyuta yetu hapa Mtwara ichezeshe mpira kwa picha safi. Muuzaji alikwisha kumsifia kadi ya RTX 3060. Nikafungua kasha la kompyuta, nikasoma kibandiko cha pawasaplai: wati 240 kwa mashine nzima! Kadi hiyo peke yake hula wati 170. GTX 1650 hutosheka na wati 75, na nyingi huupata umeme palepale zinapochomekwa.

“Kaka, umezoea kubania,” alinijibu kwa uchungu. Sikumlaumu, jasho lilikuwa lake. Hatimaye alinunua hiyo ndogo. Fedha zilizobaki zilinunua mabati ya nyumba ya mama, na mpaka leo hajanialika kucheza.